"Mfumo haufunguki" si jibu

Najua nimewatupa, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimehama mji. Sijahama. Niko hapa hapa mwisho wa reli, ila gazeti halina huruma na mtu mwenye blogu. Leo nimeiba saa mbili kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni kama mwiba wa mgebuka.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Mwanga. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja mwenye faili la plastiki, ametoka Mwandiga asubuhi na mapema kwa daladala. Alipofika dirishani akajibiwa maneno mawili tu: "Mfumo haufunguki." Akauliza, "Utafunguka lini, mwanangu?" Kijana wa dirishani akainua mabega. Mama akalifunga faili lake akaondoka. Hakuna aliyeguna. Hakuna aliyeshangaa.

Hilo ndilo lililoniudhi. Sentensi hiyo tumeizoea kama masika. Inakuja yenyewe, inaondoka yenyewe, haina mwenyewe wala haina wa kulaumiwa. Mimi nasema ina mwenyewe. Na ninajua kwa sababu niliwahi kuifuata hadi nyumbani kwake.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 2024. Mtakumbuka mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Mitumbwi ilipinduliwa mchangani, nyavu zikakunjwa. Katika kijiji kimoja kusini mwa Ujiji kulikuwa na mradi wa kujenga vichanja vya kuanikia dagaa na banda la kuhifadhia. Jina la mradi sitalitaja, na msiniulize. Vijana wa mitumbwi wakageuka vibarua. Wakabeba mawe, wakabeba mchanga, wakachimba mashimo ya nguzo. Ilikuwa riziki pekee kwa nyumba nyingi za pale.

Mwisho wa Juni nikapigiwa simu: vibarua hawajalipwa wiki ya tatu sasa. Nikapanda bodaboda. Nikamkuta mzee mmoja, mvuvi tangu ujana wake, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nikamwamkia, akaitika, kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwandishi, walituambia ziwa limefungwa ili samaki wazaliane. Tukakubali, maana tunajua faida yake. Sasa kompyuta nayo imefungwa. Hiyo imefungwa ili nini kizaliane?"

Nikarudi mjini kwenye ofisi ya mradi nikiwa nimekunja uso, tayari kuandika habari ya wizi. Nilikuwa na uhakika kuna mtu kala. Nikamkuta dada mhasibu kajaa machozi mbele ya kompyuta mpya kabisa, ile karatasi ya plastiki bado iko kwenye kioo. Fedha zilikuwepo benki. Wizi haukuwepo. Kilichokosekana ni orodha.

"Kaka," akaniambia, "wewe si umesoma chuo kikuu? Hebu njoo utazame hiki kitu."

Nilisomea uandishi wa habari, wala si kompyuta. Lakini mnaujua mji wetu: ukiwa na shahada na laptop, wewe ni fundi.

Nikatazama. Mahudhurio ya vibarua, kazi zilizofanyika na asilimia za utekelezaji, vyote vilikuwa vinaingizwa kwenye programu ya kusimamia miradi iliyoko kwenye seva Dar es Salaam. Programu yenyewe ni Microsoft Project Server 2010. Huku Kigoma unaifungua kwa kivinjari, kama unavyofungua tovuti yoyote. Bila orodha ya mahudhurio iliyopitishwa humo, makao makuu hawaruhusu malipo. Ndiyo kanuni, na si mbaya, maana inazuia vibarua hewa.

Tatizo ni kwamba ukurasa ulikuwa unafunguka nusu. Kichwa cha habari kinaonekana, jina la mradi linaonekana, menyu ya kushoto inaonekana. Pale panapotakiwa kuwa na jedwali la majina, ni peupe kama kanzu ya Ijumaa. Dada wa watu alikuwa ameshajaribu Chrome, akajaribu Firefox, akajaribu Edge, akazima na kuwasha. Akampigia simu mtaalamu wa Dar, akajibiwa: "Huku kwetu kunafunguka. Angalia mtandao wenu." Basi wakanunua bando jipya. Peupe pale pale.

Mtandao haukuwa na kosa hata kidogo. Ngoja niwaeleze lugha nyepesi, kwa jinsi nilivyokuja kuelewa baada ya kusoma usiku kucha.

Kivinjari kikifika kwenye seva hupiga hodi na kujitambulisha: mimi ni fulani, toleo fulani. Project Server 2010 ilitengenezwa kumfungulia mgeni mmoja tu, Internet Explorer toleo la 7 au la 8. Ndugu zake wakubwa, Project Server 2003 na 2007, walikuwa wabaya zaidi. Walitaka hadi vipande vya programu viitwavyo ActiveX visimikwe ndani ya kompyuta yako, na vipande hivyo havikai kwingine isipokuwa ndani ya Internet Explorer. Toleo la 2013 ndilo lililoanza kuwakaribisha akina Chrome na Firefox.

Kisha, mwaka 2013, Internet Explorer 11 ikabadilisha namna ya kupiga hodi. Ikaacha kutaja herufi MSIE ambazo mifumo mingi ya zamani ilikuwa inazisikiliza. Mwenye nyumba akamkana mtoto wake mwenyewe mlangoni! Watu wakaishi kwa ujanja wa kukiambia kivinjari kijifanye cha zamani. Halafu 15 Juni 2022 Microsoft wakastaafisha Internet Explorer kwenye Windows 10, na 14 Februari 2023 wakaizima kabisa kwenye kompyuta nyingi kupitia Edge. Windows 11 haikuja nayo tangu mwanzo. Na Project Server 2010 yenyewe ilishaacha kuhudumiwa na waliyoitengeneza tangu 13 Aprili 2021.

Kwa hiyo ile "huku kwetu kunafunguka" ya mtaalamu wa Dar ilikuwa kweli. Alikuwa bado anatumia kompyuta ya zamani. Sisi wa Kigoma tuliletewa kompyuta mpya, na upya wake ndio ulioufunga mlango.

Dawa ya haraka ipo, na kwa faida ya mwenzangu yeyote aliyekwama kwenye ofisi ya aina hii, naiweka hapa:

1. Fungua Edge, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kivinjari cha msingi. Ruhusu kurasa kufunguliwa upya kwa hali ya Internet Explorer. Funga Edge, ifungue tena.

2. Iongeze anwani ya mfumo wenu kwenye orodha ya kurasa za hali hiyo, au ifungue kisha chagua kuifungua upya kwa Internet Explorer.

3. Kama jedwali bado ni jeupe, bonyeza alama ya Internet Explorer iliyo kwenye upau wa anwani, uwashe chaguo la kuuonyesha ukurasa kwa upatanifu wa zamani. Kwa mfumo wa 2010, hapa ndipo mlango ulipofunguka.

4. Kama bado, iweke anwani ya seva kwenye kundi la tovuti zinazoaminika katika mipangilio ya intaneti ya Windows. Iweke hiyo moja tu. Usilegeze ulinzi kwa dunia nzima kwa ajili ya seva moja.

5. Kama ukurasa haufiki kabisa na unaambiwa muunganisho si salama, huenda seva yenu bado inatumia TLS 1.0 au 1.1, ambazo vivinjari vikubwa vilianza kuzikataa mwaka 2020. Hilo halirekebishwi Kigoma. Mwenye seva ndiye wa kulirekebisha.

Tulipofika hatua ya tatu majina yakajitokeza, moja baada ya jingine. Dada mhasibu akasema "Alhamdulillahi" akafuta machozi. Siku mbili baadaye vibarua wakapokea fedha zao kwenye simu. Nikajiona shujaa. Nikanunua soda.

Mwisho wa Julai simu ikalia tena. "Kaka, umekataa tena."

Hapa ndipo hasira yangu ilipoanza, na ndiyo sababu ya makala haya. Ukurasa unaouongeza mwenyewe kwenye hali ile ya Edge hukaa siku 30 tu. Siku ya 31 unafutika kwenye orodha, na jedwali linarudi kuwa jeupe. Dawa ya kudumu ipo: msimamizi wa mfumo wa makao makuu anaandika orodha ndogo ya anwani kwenye faili moja, anaisambaza kwa kompyuta zote za ofisi kwa amri moja, basi. Ni kazi ya saa moja, tena ukifanya polepole. Microsoft wameahidi kuitunza hali hiyo hadi angalau 2029, kwa hiyo hata kisingizio cha "itaondolewa kesho" hakipo.

Nikaandika maelezo ya ukurasa mmoja, dada akayatuma Dar kwa barua pepe. Jibu likaja baada ya siku nne: mhasibu wa Kigoma apangiwe mafunzo ya kutumia kompyuta.

Jamani!

Mtu aliyekuwa anazitumia Excel na mfumo ule kwa miaka, ambaye hakubadilisha kitu chochote, aende akafundishwe kushika kipanya. Na yule ambaye kazi yake, anayolipwa kwayo, ni kuhakikisha mfumo unafunguka, yeye hana somo la kujifunza. Huo ndio ugonjwa wetu. Kosa la aliyeko juu hushuka na ngazi hadi limkute aliyeko chini kabisa, na wa chini kabisa hapa ni kijana mwenye sururu kule kijijini.

Najua yatakayosemwa, kwa hiyo niyajibu kabisa.

Wapo watakaosema: ndiyo maana sisi tulitaka daftari. Sikubaliani nao. Daftari la mahudhurio linaloandikwa na mtu mmoja ndilo lililotuzalishia vibarua hewa na wanakijiji waliosaini kwa dole gumba fedha wasizoziona. Sina ugomvi na mfumo. Ugomvi wangu ni na mfumo uliofungwa kwenye mlango mmoja na ufunguo ukapotea.

Wapo watakaosema: tununue mfumo mpya. Sawa, lakini mtanunua kwa akili ipi? Kama ni ile ile ya mwanzo, baada ya miaka kumi mwandishi mwingine ataandika makala haya haya. Mwaka 2010 haikuwa siri kwamba kuna vivinjari vingine. Firefox ilikuwa imetoka 2004, Chrome 2008. Anayenunua alitakiwa kuuliza swali moja tu: je, hiki kitu kitafunguka kwa kivinjari chochote kinachofuata kanuni za wazi za wavuti? Hakuuliza. Niwe mkweli, waliotengeneza mifumo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa na sababu, maana wakati huo zaidi ya watu tisa kati ya kumi walitumia Internet Explorer. Lakini sababu ya mtengenezaji si lazima iwe sababu ya mnunuzi. Muuza ng'ombe ana haki ya kusifu kamba yake. Mnunuzi ana wajibu wa kumtazama ng'ombe meno.

Wapo watakaosema: wekeni kompyuta moja ya zamani pembeni kwa kazi hiyo. Najua ofisi zinazofanya hivyo, ina Windows 7 na imefunikwa kitambaa kama redio ya babu. Windows 7 iliacha kupewa viraka vya usalama 14 Januari 2020. Mnaweka majina, namba za simu na malipo ya watu kwenye mashine ambayo kila mwizi wa mtandao anajua dirisha lake lilivyovunjika. Hiyo si dawa.

Na wapo watakaosema: hayo ni mambo ya kitaalamu, mwandishi wa habari kaa kando. Hao nawapeleka Kidatu.

Sisi watu wa Kigoma tunaijua reli. Reli yetu ya kati ya zamani, iliyofika hapa mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti yake ni milimita 67, haifiki upana wa kiganja. Lakini kwa sababu ya hizo milimita 67 behewa la huku haliwezi kuendelea kule. Pale Kidatu, zinapokutana, mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Je, kuuliza kwa nini mzigo unashushwa ni utaalamu wa wahandisi peke yao? Anayelipia kushusha na kupakia ni mwananchi, na bei anaikuta dukani. Kivinjari na seva ni hivyo hivyo, behewa na reli. Anayechagua upana wa reli anachagua nani atabeba mzigo mgongoni baadaye.

Na tusijidanganye kwamba ni ushamba wa Waafrika. Korea Kusini, nchi inayoiuzia dunia simu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ilizifunga huduma zake za benki na serikali kwenye ActiveX, na wananchi wake wakafungwa kwenye Internet Explorer kwa miaka mingi. Ilibidi sheria ibadilishwe, na ile hadhi maalum ya vyeti vilivyokuwa chanzo cha kero hiyo ikaondolewa Desemba 2020. Kama wao walinaswa, na sisi tunaweza kunaswa. Tofauti ni kwamba wao walipiga kelele.

Hapa nyumbani pia tumeshaona kwamba inawezekana. PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri, zamani ilikuwa programu ya kusimikwa kwenye kompyuta, na maofisa walisafiri na laptop zao kwenda kuunganisha takwimu. Pimeni wenyewe umbali wa kutoka Kigoma. Mwaka 2017 ikawekwa kwenye wavuti. Malipo ya serikali nayo yalihamishwa kutoka Epicor kwenda MUSE, mfumo uliotengenezwa na Watanzania. Sisemi mifumo hiyo haina kasoro. Nasema walioamua kuhama walihama.

Sasa nije kwangu mwenyewe, maana ukinyoosha kidole kimoja vitatu vinakutazama. Mapema mwaka ule 2024 niliandika habari ya aya tano: mradi wakabidhiwa kompyuta za kisasa. Picha ilikuwepo, mgeni rasmi akikata utepe, watumishi wakipiga makofi. Niliinakili kutoka kwenye taarifa waliyonipa, nikala wali, nikaondoka. Sikumuuliza yeyote: je, mmejaribu kuufungua mfumo wenu kwa kompyuta hizi? Swali la sekunde tano. Dada mhasibu alikuwa amesimama pembeni, na angenijibu. Kompyuta zile zile nilizozisifu ndizo zilizowalaza watu njaa. Kwa hiyo nami ni mwenye mfumo, kwa sehemu yangu.

Ninachodai ni kidogo tu, na hakihitaji mfadhili.

Kwanza, kabla ofisi haijanunua kompyuta mpya, ikae na moja kwa wiki nzima na kufanya nayo kazi zote za mwezi, kuanzia mahudhurio hadi malipo. Ikikwama, mkwamo uwe wa ofisi na si wa kibarua.

Pili, kila mwisho wa mwezi takwimu zote zitolewe kwenye mfumo na kuwekwa kwenye faili la kawaida linaloweza kufunguliwa popote. Takwimu ni zetu. Programu ni gari tu la kuzibebea.

Tatu, mkataba wowote wa mfumo utaje kwa maandishi kwamba utafunguka kwa zaidi ya kivinjari kimoja, na useme nani atalipa siku usipofunguka.

Nne, na hili ni la wenzangu wa kalamu: tukisikia "mfumo haufunguki", tuulize mfumo gani, toleo lipi, tangu lini, na nani anayelipwa kuufungua. Hizo ni nani, nini, lini na wapi tulizofundishwa mwaka wa kwanza.

Ile mara ya pili, Julai, nilimwelekeza dada kwa simu akafungua mwenyewe. Akachukua kalenda ya ukutani, akahesabu siku 30, akazungushia duara jekundu. Akafanya hivyo kila mwezi hadi mradi ulipokwisha. Orodha ya Dar haikuwahi kuja. Vichanja vimesimama, ziwa lilifunguliwa, dagaa wanaanikwa. Yule aliyependekezwa apelekwe mafunzo ndiye aliyewalipa watu.

Pale bandarini kwetu kuna meli ya Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini 1915, ikazamishwa 1916, ikainuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Mitambo ya mvuke ikatolewa baadaye ikawekwa ya dizeli, na meli ikabaki ile ile. Kitu cha zamani si lazima kife. Kinakufa pale tu mwenye dhamana anapoinua mabega.

Kwa hiyo mama wa Mwandiga, kama utasoma hapa au mwanao akakusomea: ukirudi pale dirishani, usiondoke. Uliza jina la mwenye mfumo. Na ukikataliwa, nitafute. Nitakuja na daftari langu.

Tukutane tena, Mungu akipenda, gazeti likiniruhusu.